Nauli Imepanda, Nani Kaipandisha?

Walimu wenzangu, fasili ya ushawishi nairuka. Mnaijua, na wanafunzi wenu wanaijua kwa moyo, ndiyo shida yenyewe. Mpe mtoto wa sekondari tangazo aeleze linavyomvuta msomaji, atakuandikia: "Mwandishi ametumia takriri. Mwandishi ametumia balagha." Kisha kalamu chini. Amehesabu sufuria, chakula hajaonja. Mwaka 1937 kule New York ilianzishwa Taasisi ya Uchambuzi wa Propaganda, ikatoa orodha ya mbinu saba, na orodha hiyo imekaririwa hadi leo. Wanaoikariri wanaliwa vilevile.

Walionisikia kabla watanivumilia, maana wimbo wangu ni ule ule: anzia kwenye kitenzi. Jumatatu tunafundisha kauli za vitenzi kwa jedwali, tenda, tendwa, tendeka. Alhamisi tunafundisha ufahamu. Hakuna anayemwambia mtoto kwamba vitu hivyo viwili ni kitu kimoja.

Tazameni hapa ubaoni.

Tumepandisha nauli ya Masaka.
Nauli ya Masaka imepandishwa.
Nauli ya Masaka imepanda.

Ya kwanza ina watu. Unaweza kuwafuata steji ukawauliza kulikoni. Ya pili imewaondoa watu, lakini kiti chao bado kipo: ile -w- inakuambia yuko aliyepandisha, na ukiuliza "na nani?" sarufi yenyewe inakupa haki ya kujibiwa. Ya tatu imeondoa hata kiti. Nauli imepanda, kama jua lilivyopanda asubuhi, na nani agombane na jua? Kutoka "imepandishwa" hadi "imepanda" zimekatwa herufi nne tu, na humo ndani katoweka mtu mzima na uamuzi wake.

Kuna anayenong'ona pale nyuma kwamba kauli ya kutendwa ni Kiswahili safi. Ni safi, nani kakataa? "Mtoto amezaliwa", "chakula kimepikwa": hapo hakuna anayefichwa. Shaka ianze pale ambapo mtendaji, lau angetajwa, angekuwa na swali la kujibu. Na mkikutana na "inasemekana", simamisheni somo. Neno hilo lina wasemaji wengi, wala halina msemaji hata mmoja.

Sasa tuingie kazini. Karatasi hii nimeitunga mwenyewe, ila dada zake mnaziona kwenye nguzo za umeme kuanzia Kampala hadi Mukono:

"Ndugu mwananchi, viwanja vya 50 kwa 100 vimebaki vichache! Wengi wameshachukua vyao. Imethibitishwa kuwa bei itapanda barabara ikikamilika. Hati inashughulikiwa. Tujenge taifa letu pamoja!"

Isome mara tatu, kalamu mkononi. Mara ya kwanza pigia mstari vitenzi, vingine acha. Viko saba. Mara ya pili, kando ya kila kitenzi andika mtendaji. Mara ya tatu, andika upya kila sentensi ukimweka mtendaji mbele.

"Vimebaki." Kati ya vingapi? Muuzaji alikuwa navyo 200 akauza vitatu, au alikuwa navyo vitano tangu mwanzo? Vyote viwili ni "kubaki". Na hiyo 50 kwa 100 ni futi: futi za mraba 5,000, desimali 11 na nusu hivi (desimali ni sehemu moja ya mia ya eka), haifiki hata nusu ya robo eka. Wapimieni wanafunzi uwanjani kwa kamba, waione kwa macho.

"Wameshachukua." Mbona si "wamenunua"? Kwa sababu anayenunua hutoa pesa, anayechukua hanyooshi ila mkono. Bei imefukiwa ndani ya kitenzi.

"Ikikamilika." Hapa ndipo napenda kukaa, mniwie radhi. Ile -ki- yetu ina sura mbili: "wakati itakapokamilika" na "kama itakamilika". Mnunuzi anasikia ya kwanza. Siku ya kesi muuzaji atajitetea kwa ya pili, na hatakuwa amesema uongo. Kwa hiyo mwanafunzi aandike zote mbili, halafu ajiulize: muuzaji angetia sahihi chini ya ipi? Zoezi hilo ni la dakika tatu.

"Inashughulikiwa." Na nani, tangu lini, kwa jina la nani? Ile -na- haina mwisho, hati inaweza kushughulikiwa hadi wajukuu waoe. Ardhi ya mailo, yaani ile ya umiliki wa kudumu hasa kule Buganda, iliyosajiliwa ina namba ya bloku na namba ya ploti, na kwa namba hizo mtu huenda ofisi ya ardhi ya kanda kuomba msako kwenye rejista. Anayeshughulikia hati kweli anazo namba hizo. Kama hazipo kwenye karatasi, kitenzi kimewekwa pale kuziba pengo.

Kisha "tujenge". Kiambishi tu- hakisemi nani yumo. Badilisha uone: "nijenge", "mjenge". Ukisoma "tutafunga mkanda", weka ni- badala ya tu-, uangalie kama mwandishi bado ameshika mkanda.

Kuna atakayesema namfundisha mtoto kushuku kila kitu. Hapana bwana. Bango la "Nawa mikono kwa sabuni" linashawishi vilevile, lakini mtendaji ni wewe, sabuni unaijua, na ukiuliza kwa nini unajibiwa. Linapita mtihani wote wa kalamu.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Basi mbio mbio.

Namba: "riba asilimia 10 tu" haina maana bila kujua ni ya mwezi au ya mwaka. Ikiwa ya mwezi, mkopo wa shilingi 1,000,000 usiopunguzwa unakula 1,200,000 kwa mwaka, na deni lenyewe bado limekaa palepale. Ile "tu" pekee ingestahili mhadhara.

Majina: mnaikumbuka kodi yetu Uganda ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, iliyoanza Julai 2018? Kuna walioiita kodi ya mitandao na kuna walioiita kodi ya lugambo, yaani umbea kwa Kiganda. Shilingi ni zilezile 200, lakini ukikubali jina la pili umeshakubali kwamba unachoandika kwenye simu ni umbea, kabla hujafika kwenye hoja. Mwulizeni mtoto: anayelipa angeiitaje, na anayetoza angeiitaje?

Ushuhuda na picha sitavigusa, muda umekula vyote.

Kwenye meza zenu kuna tangazo la mkutano wa wazazi, sentensi sita. Fanyeni wawili wawili. Anzeni na ya nne: "Imeonekana ni vyema mchango uongezwe." Nataka jina la aliyeona.