Matangazo ya sinagogi: nani anashika nini

Haya jamani, karibuni. Asalaam alaykum, Bwana asifiwe, shalom, na ambao sijawasalimia kwa salamu yao mnisamehe, mko nyumbani. Nimeombwa niongelee Wayahudi wa huku kwetu Afrika Mashariki na najua wengi mmekuja mkitegemea nianze na Ibrahimu na Musa na bahari kupasuka, hapana, leo mi naongelea kitu kimoja ambacho watu wakishatoka ibadani hawakikumbuki tena, nacho ni matangazo. Yale ya mwishoni kabisa, wakati watoto washaanza kutoroka nje na mzee wa pembeni anatafuta kofia yake.

Kwa nini matangazo? Kwa sababu kuna jumuiya za dini ambazo tangazo lake ni njooni mtazame, kutakuwa na mgeni mkubwa, kwaya itaimba, njooni. Na kuna jumuiya ambazo tangazo ni orodha ya kazi zenye pengo, nani atasoma, nani atapika, nani atalala kwa mama fulani aliyefiwa. Mi hizi za pili ndo nazipenda na ndo nataka tuzielewe, kwa sababu Wayahudi wa Uganda wapo mpaka leo kwa njia hiyo.

Nawaongelea Abayudaya, wako upande wa Mbale, chini ya Mlima Elgon. Makao yao yako kilima cha Nabugoye nje kidogo ya mji, halafu kuna sinagogi nyingine vijijini, Namanyonyi, Nangolo, Nasenyi, Putti na kwingineko, wote kwa pamoja ni elfu mbili hadi tatu hivi. Hao hawakuletewa dini na mmisionari. Ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiweka mashariki ya Uganda chini yao na hawakumpa ufalme alioutegemea, alikaa na Biblia yake akasoma, akaona yale maagizo ya Torati yapo palepale, mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe, na mwaka 1922 akatoa kitabu cha sala na maagizo kwa Kiganda. Alifariki 1928. Yaani mwanzo wao kabisa ni watu kusoma wenyewe na kushika wenyewe, hakukuwa na rabi wa kuwafanyia.

Sasa hebu tuingie ndani ya sinagogi asubuhi ya Sabato muone kazi zilivyo nyingi. Torati inatolewa kwenye sanduku lake na kisheria wanaitwa watu 7 mmoja mmoja, halafu wa nyongeza anayesoma kitabu cha Manabii. Kuna wa kufungua sanduku, kuna msomaji mwenyewe, kuna wawili wanaosimama ubavuni mwake wakifuatilia neno kwa neno, kuna wa kulinyanyua gombo juu likiwa wazi watu wote waone maandishi, na gombo ni zito lile, kuna wa kulikunja na kulivisha nguo yake. Hujafika kwa anayetoa mafundisho na tayari watu zaidi ya kumi wameshika kitu. Gombo lenyewe limeandikwa kwa mkono, halina irabu, halina alama za sauti, halina hata nukta ya kukuambia sentensi imeisha, kwa hiyo msomaji inabidi akae na sehemu yake nyumbani wiki nzima. Akiteleza neno likabadilika maana wanamrudisha palepale kwa sauti, arudie. Ndugu zangu Waislamu hili mnalijua vizuri, imamu akikosea aya kwenye tarawehe aliyehifadhi anamrekebisha kutoka nyuma na hakuna anayeona ni utovu wa adabu. Msikilizaji naye yuko kazini.

Ndo maana tangazo la kwanza la kila wiki haliwi na mbwembwe, ni kwamba wiki ijayo tunasoma sehemu fulani, mistari hii bado haina mtu, nani anaichukua, na mafundisho nani anatoa. Anaweza kuwa mwalimu, mkulima wa kahawa, msichana wa sekondari. Nabugoye wanawake wanahesabiwa kwenye akidi ya sala na wanasoma Torati sawa na wanaume, Putti wao wamechagua njia ya Kiorthodoksi, ile ya Wayahudi wanaoshika desturi za zamani, kwa hiyo huko ni wanaume, wamekubaliana kutofautiana na kila upande una sinagogi yake.

Nafika sasa kwenye tangazo linalonigusa mimi kuliko yote, tangazo la msiba. Kuna sala inaitwa Kadishi, mfiwa anaisoma kwa ajili ya marehemu wake, na ukiisoma mwanzo mpaka mwisho hamna kifo humo, hamna kaburi, ni kumtukuza Mungu tu, na mtu aliyefiwa mzazi anaisoma miezi 11. Lakini haruhusiwi kuisoma peke yake. Lazima pawe na akidi ya watu wazima 10, wenyewe wanaita minyani, wakiwa 9 hata wawe wacha Mungu namna gani Kadishi haisomwi. Hebu fikirieni hilo jambo, mtu ana uchungu wake, anataka kumwombea mama yake, na sheria inamwambia huwezi mpaka wenzako waje. Kwa hiyo siku 7 za kwanza mfiwa anakaa nyumbani, haendi shamba, hapiki, na tangazo linasema nyumba ya fulani, asubuhi na jioni, tunahitaji watu 10, na chakula kiletwe na majirani. Sisi tuna matanga, tunajua kukaa na mfiwa, ila mwenzetu huyu bila wewe sala yenyewe haisomwi, ukibaki kwako umelala unamzuia mtu kumwombea mzazi wake. Mi naona hiyo ni sheria ya huruma kubwa mno, imeandikwa kama hesabu lakini ni huruma.

Na kijijini ambako familia ni chache, huyo wa kumi si mchezo. Anatembea kilomita kadhaa na Sabato hapandi bodaboda, anatembea kwa miguu kwenye tope la Elgon wakati wa mvua. Usimwambie huyo kwamba yeye ni muumini wa kawaida tu.

Haya, ratiba ya mbele mwaka huu wa 2026 iko hivi, na kumbukeni siku yao inaanza jua likizama kama wazee wetu wa pwani wanavyohesabu, usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia. Purimu, sikukuu ya kukumbuka Wayahudi walivyookoka kuangamizwa, ni Jumatatu jioni tarehe 2 Machi, kinasomwa kitabu cha Esta chote, na kila jina la Hamani, yule adui aliyetaka kuwaua, likitajwa watu wanapiga kelele kulizima, watoto wanaisubiri hiyo mwaka mzima. Ila Purimu ina amri mbili za mkononi, umpelekee mwenzio angalau vyakula vya aina mbili na uwape angalau maskini wawili, na maskini naye anatakiwa atoe. Hamna aliye wa kupokea tu.

Pasaka yao inaingia Jumatano jioni tarehe 1 Aprili. Hapa ndo kazi. Nyumba inasafishwa chachu yote itoke, makombo kwenye kona, mifukoni mwa watoto, na mkate usiochachwa una sheria ya dakika 18, kuanzia maji yanapogusa unga mpaka mkate unaiva isizidi hapo. Mtu mmoja akitaka afanye mwenyewe atachelewa tu, kwa hiyo wanapangana, mmoja anamimina maji, mmoja anakanda, wengine wanasukuma, mmoja anachoma matundu, mmoja yuko kwenye moto, na mwingine kazi yake ni kushika saa na kufoka. Halafu usiku mezani simulizi ya kutoka Misri haianzi na mkubwa, inaanza na mtoto mdogo kuliko wote anauliza kwa nini usiku huu ni tofauti, asipouliza mtoto inabidi mwingine aulize, hata kama uko peke yako unajiuliza mwenyewe. Kwa hiyo kuna mtoto mahali Mbale sasa hivi anafundishwa maswali yake na ana wasiwasi.

Baada ya hapo wanahesabu siku 49, kila usiku siku yake kwa kutaja, wanafika Shavuoti, sikukuu ya kupewa Torati, Alhamisi jioni tarehe 21 Mei, watu wanakesha wakisoma na kufundishana. Mwaka huu sikukuu inaungana na Sabato kwa hiyo wapishi wana hesabu ya ziada, kabla sikukuu haijaingia lazima watenge mkate na kitu kilichopikwa ili waruhusiwe kupikia Sabato siku ya Ijumaa, na moto sikukuu hauwashwi upya, unachukuliwa kwenye moto uliokuwa unawaka. Mtu wa kutunza jiko la mkaa lisizime usiku kucha naye anaingia kwenye matangazo.

Sasa mtaniuliza, vipi siku hakuna matangazo kabisa? Ilishatokea. Idi Amin alichukua nchi 1971 na dini yao ikapigwa marufuku, sinagogi zikafungwa, wengi wakaingia Uislamu au Ukristo ili waishi, ikabaki mamia tu ya watu wanaosali kwa siri majumbani. Na waliweza kwa sababu hakukuwa na mtu mmoja mwenye dini yote kichwani ambaye akikamatwa mambo yamekwisha. Mama alijua Sabato inaingia saa ngapi, mzee alijua Zaburi, mwingine alijua kuhesabu mwezi wa Pasaka.

Halafu hapa Watanzania mnisikilize. Tarehe 11 Aprili 1979 redio ya Kampala inatangaza serikali ya Amin imeanguka, jeshi letu la JWTZ na wapiganaji wa Uganda wameingia mjini. Jua lilipozama siku hiyohiyo ilikuwa Pasaka ya Kiyahudi imeingia, usiku wa kukumbuka kutoka utumwani kwa Farao. Sijatunga, angalieni kalenda. Mbale yenyewe ilisubiri, vita bado vilikuwa vinaelekea mashariki na Jinja ilichukuliwa tarehe 22, lakini habari ilikuwa imefika, na Abayudaya mpaka leo wanaisimulia hiyo. Kuna baba na babu wa watu waliokaa humu ndani walikuwa kwenye ile safari kutoka Kagera, na nina hakika wengi hawakujua kwamba kuna watu wa Pasaka wanawasubiri huko mbele. Mkirudi nyumbani waambieni ambao bado wako hai.

Baada ya hapo miaka ya 80 vijana wachache wakarudi kilimani Nabugoye wakaishi pamoja kwa mtindo wa kibutsi, yaani vile vijiji vya ushirika vya Israeli, wakajifunza upya, wakatunga nyimbo, Zaburi kwa Kiganda na gitaa. Mmoja wao ni Gershom Sizomu, mwingine kaka yake J.J. Keki ambaye mwaka 2004 alianzisha ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera, Wayahudi, Wakristo na Waislamu wanauza pamoja. Mwaka 2002 jopo la marabi likaja likawafanyia taratibu rasmi za kuingia Uyahudi watu wapatao 400. Sizomu akaenda kusomea urabi Los Angeles akapewa daraja 2008, na miaka yote aliyokuwa darasani huko Sabato za Nabugoye hazikusimama, 2016 akachaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini na hazikusimama pia. Mwaka huohuo sinagogi kubwa ya watu 300 ilifunguliwa kwa msaada wa wafadhili wa Marekani.

Na hapa niseme ninalolionea hofu, nalisema kwa mapenzi. Rabi akiwa msomi na jengo likiwa zuri na wageni wakija kila mwezi na michango, ni rahisi sana watu kuanza kukaa wakaangalia. Wafadhili wanaweza kuleta mabati, viti, hata gombo la Torati, wakashukuriwa, ila hakuna mfadhili atakayekusomea mistari yako Jumamosi wala atakayekuwa mtu wa kumi kwa jirani yako saa kumi na moja alfajiri. Mwaka 2018 wizara ya mambo ya ndani ya Israeli ilikataa kuwatambua kwa ajili ya uhamiaji, iliwauma sana, na mi naona haikuwa haki, lakini wiki ile Torati ilisomwa kama kawaida na walioitwa waliitikia.

Mwisho kwa mnaotaka kwenda, maana nimeshaulizwa kabla sijasimama hapa. Wasilianeni nao kwanza, msiibuke tu. Ijumaa fikeni mapema kabla ya saa kumi na mbili jioni, huko karibu na ikweta jua halibadiliki sana mwaka mzima. Simu na kamera zikae kwenye begi mpaka Sabato itoke, na kuandika vilevile hapana. Asiye Myahudi haitwi kwenye Torati, msisukumane, ila viti vinabebwa na yeyote, sufuria zinaoshwa na yeyote Sabato ikishatoka, na matangazo yakianza msitoke nje, mkisikia kuna kitu mnaweza kushika inueni mkono. Haya, maswali. Naanza na yule dada wa nyuma, alinyoosha mapema.