Harufu ya Sabuni

Hamjambo wote, na asanteni kwa kuacha upepo wa ziwa mkaja kukaa kwenye joto la ukumbi huu. Nimeombwa nizungumzie Ubudha na majivuno. Nitaanza na kufua nguo.

Maandiko ya Kipali, lugha ya kale ya Kibudha, yanamtaja mtawa Khemaka, aliyekuwa mgonjwa sana karibu na mji wa Kosambi, India ya kale. Watawa wazee walimtuma mwenzao, Dasaka, amjulie hali na kumuuliza: mwilini, katika hisia, katika ufahamu, kuna unachokiona kuwa ndicho wewe? Akajibu, hakuna. Basi umeshafika kwenye ukombozi kamili, wakamwambia. Akakataa. Dasaka alikwenda na kurudi hadi Khemaka akachoka, akashika mkongojo akawaendea mwenyewe. Bado ninanusa "mimi niko" ndani yangu, alisema. Ni kama nguo iliyofuliwa kwa majivu au samadi: uchafu umetoka, lakini harufu ya kilichoifua imebaki.

Kina mama mnaofulia ufukweni Dunga mnalijua hilo kuliko mimi. Nguo imetakata, ila inanuka sabuni.

Mimi nimekaa kutafakari alfajiri miaka mingi hapa Kisumu. Siku moja jirani alifungulia redio kwa sauti kubwa. Nikatoka, nikamwambia kwa upole kwamba nimemsamehe. Hakuwa ameniomba msamaha! Mama yangu alikuwa uani. Akaniuliza, "Mwanangu, sauti hiyo umeitoa wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeinunua kwa saa zangu zote za ukimya, nami niliiita utulivu.

Budha alitaja majivuno ya namna tatu: mimi ni bora, mimi ni sawa nawe, mimi ni duni. Ya tatu ndiyo inayoniuma, maana hata anayejidharau bado ameshika mizani, na anayepimwa ni yeye. Kati ya minyororo kumi inayomfunga mtu, majivuno ni miongoni mwa ya mwisho kukatika.

Mtawa anayedai kwa uongo kwamba amefikia daraja za juu hufukuzwa utawani. Lakini aliyedai hivyo kwa kuamini kweli kwamba amefika, akakosea, hahukumiwi. Nampenda sana Budha kwa huruma hiyo.

Na Khemaka? Alipokuwa akiwaeleza wazee kile ambacho bado hakijamtoka, ndipo kilipomtoka, yeye na wazee wapatao 60 waliokuwa wakimsikiliza.