Karatasi Chini ya Mlango

ZUHURA: Assalaam aleikum wasikilizaji wetu. Mie Zuhura, na Makame yupo hapa pembeni yangu. Leo tumeanza kurekodi alasiri, kwahivo tuna mpaka magharibi tu.

MAKAME: Waaleikum salaam. Da Zuhura, mambo ya London ya mwaka 1605 yatangoja. Anza na lako mana mie tangu Jumanne uliponipigia simu silali vizuri.

ZUHURA: Haya. Mnaotusikiliza siku zote mnaijua nyumba yetu ya Mkunazini, juu anakaa mama, chini kuna ile stoo tunayokodisha. Mpangaji tulionae alisema anaweka mkaa na kuni. Kijana mtaratibu, kodi haichelewi, akimkuta mama anapanda ngazi humpokea kikapu. Sasa Jumatatu baada ya Isha natia ufunguo mlangoni nakanyaga karatasi. Ya daftari la skuli, imekunjwa mara nne. "Mtoeni bibi juu. Angalieni nyuma ya magunia." Basi. Hamna jina.

MAKAME: Hamna jina wala namba.

ZUHURA: Asubuhi nikashuka na ndugu yangu. Tukavuta magunia ya mkaa, nyuma yake madumu 17 ya petroli, yale ya lita 20. Na juu ya stoo ile, Makame wee unapajua, ndo jiko la mama. Dari la boriti za mikoko na chokaa, na mama anapikia mkaa, makaa yanaruka yanaanguka sakafuni siku zote.

MAKAME: Lita 340 chini ya mtu anaekaanga samaki.

ZUHURA: Alikuwa anawauzia wenye maboti, ati. Hakumkusudia mtu shari, alitafuta pahala pa kuficha tu. Ishatolewa, sheha kaja kaona, mama yuko kwa mdogo wangu Kwahani anataka kurudi leo leo. Lakini mie madumu nishayasahau, nnachofikiria ni ile karatasi.

MAKAME: Na hiki kipindi tulishakipanga wiki tatu kabla! Wasikilizaji, tulipanga kuzungumza juu ya wale Wakatoliki wa Uingereza waliotaka kuliripua Bunge, na walifanyaje? Walikodi stoo ya chini! Mmoja wao, Thomas Percy, mwezi Machi 1605 alikodi ghala lililo chini kabisa ya ukumbi wa Malodi, yani watukufu wa Bunge la juu, wakatia mapipa 36 ya baruti, juu wakafunika kuni na makaa. Uliponihadithia magunia nikasema Subhanallah.

ZUHURA: Na walikodi kwa pesa, hawakuvunja mlango wa mtu. Mwenye ghala akapokea kodi yake kama mie nlivopokea.

MAKAME: Kabla hujaenda mbali lakini, watu waelewe walifikishwaje huko. Mana mtu akisikia baruti anasema hawa wahalifu, basi, hadithi imekwisha. Hapa kwetu ukitoka kanisa la Mkunazini ni la Waanglikana, unakwenda kwa miguu mpaka Minara Miwili ni la Wakatoliki, dakika chache tu na hamna anaemuuliza mwenzake. Uingereza ya wakati ule ilikuwa shughuli nyengine. Mfalme Henry wa nane alijitoa kwa Papa mwaka 1534 akajifanya yeye mkuu wa kanisa, na chini ya binti yake Elizabeth Mkatoliki asiekwenda kanisa la serikali alitozwa faini, mwanzo shilingi moja kila Jumapili, halafu mwaka 1581 ikapandishwa mpaka pauni 20 kwa mwezi. Pauni 20 ni familia kufilisika. Kutoka 1585 padri aliepata upadri nje akionekana tu nchini ni uhaini, na aliemficha hukumu yake kifo. York kulikuwa na mama mmoja, Margaret Clitherow, aliwaficha mapadri nyumbani kwake, mwaka 1586 wakamlaza chini wakamuwekea mlango juu yake na juu ya mlango mawe mpaka akafa.

ZUHURA: La ilaha illallah.

MAKAME: Guy Fawkes, mmoja wa wenye njama, kazaliwa York hiyo hiyo, mwaka 1570. Mama yule akiuliwa yeye alikuwa kijana wa miaka 15, 16 hivi. Na Robert Catesby, ambae ndo kiongozi hasa wa njama, mana watu wanamtaja Fawkes tu, babake alifungwa kwa kukataa kuacha dini yake. Halafu 1603 akaja mfalme mpya James kutoka Scotland, mamake alikuwa Mkatoliki na aliuliwa na serikali hiyo hiyo ya Elizabeth, watu wakasema sasa tutapumua. Mwaka haujapita kaamrisha mapadri wote watoke nchini.

ZUHURA: Sawa, na serikali nayo ilikuwa na hofu yake, mana Papa mwaka 1570 aliwaambia raia kwamba hawana lazima ya kumtii Elizabeth. Ukimwambia raia hivo, anaeumia ni yule masikini anaetaka kusali tu akalale. Mimi dhulma siikatai. Lakini twende kwenye barua.

MAKAME: Barua bado mbali, kuna kikao cha kwanza Mei 1604, watu watano, wakaapa...

ZUHURA: Makame, twende kwenye barua.

MAKAME: Haya, twende. Tarehe 26 Oktoba 1605, jioni, lodi mmoja aitwae Monteagle yuko kwake Hoxton anataka kula, inaletwa barua haina jina. Inamwambia tafuta udhuru usende Bungeni, mana watapigwa pigo kubwa na hawatamuona anaewapiga. Na ukishasoma ichome moto.

ZUHURA: Unaona? "Mtoeni bibi juu." Ni mtu yule yule!

MAKAME: Si yule yule, Da Zuhura, imepita miaka mia nne.

ZUHURA: Yani moyo ule ule. Mtu anaejua, anaeogopa, anaeandika mistari miwili na kukimbia. Mie nimekaa na karatasi yangu wiki nzima naitazama. Mwandiko wa kulalia kushoto. Nikaenda mpaka kwa mwenye duka la mkabala nikamwambia niandikie hapa jina la mama, nilinganishe.

MAKAME: Ulimuandikisha muuza duka?

ZUHURA: Na kijana anaesukuma gari la mkaa. Na mke wa mpangaji mwenyewe, nlimpelekea risiti atie saini. Mwandiko wake umesimama wima, si yeye. Au aligeuza mkono makusudi.

MAKAME: Muache mtu, yakhe. Hakutaka ajulikane.

ZUHURA: Nnataka kumshukuru!

MAKAME: Unataka kumuuliza. Sauti yako nnaijua.

ZUHURA: Nnataka kumuuliza pia, ndio. Skiza, ukuta wa stoo ile umegusana na jirani, na jirani ana watoto watano wanalala chini, chini kabisa, hatua mbili kutoka kwenye petroli. Jirani hakupata karatasi. Nimemuuliza, hakupata. Kwahivo huyu mtu alijua, na akachagua mama yangu atoke, watoto watano walale. Ndo nnachomuuliza na yule wa Monteagle. Ukumbi ule siku ya tarehe 5 Novemba angekuwemo mfalme, mwanawe mkubwa, maaskofu, majaji, malodi wote, na miongoni mwa malodi wapo Wakatoliki vilevile, na makarani, na wapiga tarumbeta, na watumishi wanaoshika farasi nje. Yeye kaandika barua moja. Kwa mtu mmoja. Wanaosema aliandika Francis Tresham, mmoja wa wenye njama, basi Tresham ni shemegi yake Monteagle, dada yake ndo mke wa Monteagle. Kamuokoa shemegi!

MAKAME: Tresham alikana mbele ya Catesby mwenyewe, na wapo wanaosema ni Monteagle alijiandikia, na wapo wanaomtaja Robert Cecil waziri wa mfalme. Lakini chukua ni Tresham. Huyu mtu kaingizwa Oktoba, wa mwisho katika watu 13, na kaapishwa. Ukishaapa, Da Zuhura, ukisema una laana na usiposema una damu. Akatafuta tundu la sindano, na kwenye tundu hilo wamepita wote. Mfalme kaishi, wapiga tarumbeta wako wameishi.

ZUHURA: Wameishi kwa sababu Monteagle hakuichoma! Aliipeleka serikalini. Angefuata alivoandikiwa angeichoma, angekaa kwake, na mia kadhaa wangeruka hewani. Sifa si ya mwandishi.

MAKAME: Mwandishi alimjua Monteagle. Unampa siri mtu unaejua hawezi kukaa nayo.

ZUHURA: Hilo umelitunga wewe.

MAKAME: Na wewe umemtungia roho mbaya. Na jirani yako, pengine yule mtu alijua ukipata wewe utapiga kelele mtaa mzima utasikia. Na si ndo ulivofanya? Watoto wale wako salama kwa sababu ya karatasi ile ile.

ZUHURA: Pengine. Kuacha watoto watano kwenye pengine mie sikubali, Makame. Ilikuwa karatasi ya pili tu. Daftari lina kurasa 80.

MAKAME: Wewe hujawahi kuogopa kama alivoogopa yeye.

ZUHURA: Na wewe umewahi?

MAKAME: Sijawahi. Lakini nikisoma namna walivyomtesa Fawkes Mnarani, yani kwenye Mnara wa London walikofungwa, saini yake baada ya mateso imekuwa michirizi tu, hata jina halisomeki, siwezi kumwambia mtu mwenye hofu ile kwamba angeandika karatasi ya pili. Siwezi.

ZUHURA: Basi tumekwama hapo.

MAKAME: Tumekwama.

ZUHURA: ...Haya, waambie walivomkamata, muda unakwenda.

MAKAME: Tarehe 4 Novemba wakaja wakubwa kukagua, wakamkuta Fawkes ghalani, anajiita John Johnson. Hizi kuni za nani? Za bwana wangu Percy. Wakaondoka! Lakini mmoja wao akajiuliza, Percy mwenyewe si mtu wa kulala hapa mara nyingi, kuni zote hizi za nini? Usiku wa manane wakarudi, wakazitoa kuni, mapipa hayo.

ZUHURA: Mie miezi minane napita mbele ya magunia yale sikujiuliza mkaa wote ule nani anaununua.

MAKAME: Wenziwe wakakimbilia mashamba, mvua ikarowesha baruti waliobeba. Wakafika nyumba iitwayo Holbeach, wakaianika mbele ya moto ikauke. Cheche ikaruka. Ikawaunguza wenyewe, mmoja macho yakapofuka. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kesho yake, tarehe 8, Catesby na Percy wakapigwa risasi hapo hapo.

ZUHURA: Baruti mbele ya moto. Mama akisikia hii hatalala.

MAKAME: Waliobaki wakauliwa tarehe 30 na 31 Januari 1606, hadharani. Tresham yeye hakufika kizimbani, aliugua akafia Mnarani mwezi wa Disemba, na siri ya barua kama ilikuwa yake kaondoka nayo. Sasa, nliandika mambo matatu ya kuzungumza juu ya Wakatoliki wa kawaida, mana njama walifanya watu 13 na mzigo wakabebeshwa wote, sheria mpya za 1606, kiapo cha kumtii mfalme, kukatazwa uwakili, mpaka 1829 ndo wakaruhusiwa kukaa Bungeni. Halafu kuna padri Henry Garnet, yeye alijua kwa njia ya maungamo, yani siri anayoambiwa padri na mtu anaetubu, na maungamo hayatolewi, kwahivo swali lako la karatasi lingemhusu...

ZUHURA: Garnet! Kwanini hukuanza na yeye?

MAKAME: Nlikuwa namfikia, ukasema twende kwenye barua.

ZUHURA: Alijua akanyamaza?

MAKAME: Aliandika Rumi kuomba Papa awakataze Wakatoliki wasifanye fujo, lakini kwa mfalme hakusema, wakamnyonga Mei 1606. Mie nnamuona...

ZUHURA: Adhana hiyo.

MAKAME: Nnamuona kama...

ZUHURA: Adhana, Makame. Wiki ijayo. Wasikilizaji, kama wewe ndie ulieandika ile karatasi na unanisikia, mama hajambo. Mlango wa nyuma siufungi mpaka saa nne. Njoo, hata usiseme jina.