Jinsi ya Kumsaidia Mtoto Mchanga Alale kwa Muda Mrefu Zaidi Usiku

Karibuni, wazazi wenzangu mnaotutazama kutoka hapa Mombasa na kwengineko. Katika video hii tutaonyesha, hatua kwa hatua, namna ya kumsaidia mtoto mchanga, yaani mtoto wa kuanzia siku ya kwanza hadi takriban miezi 3, apate usingizi mrefu zaidi wakati wa usiku. Mbele yangu nina mwanasesere mwenye ukubwa wa mtoto mchanga, leso moja nyepesi ya pamba, godoro dogo gumu na chandarua. Hivyo ndivyo vitu vyote nitakavyovitumia, kwa sababu shughuli hii haihitaji dawa wala kifaa cha bei ghali.

Kwanza tuelewane kuhusu tunachokitafuta. Mtoto mchanga hulala jumla ya saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini huzigawa katika vipande vya saa 2 hadi 4, usiku na mchana bila kubagua, kwa kuwa tumbo lake ni dogo, maziwa ya mama humeng'enywa upesi, na ubongo wake bado haujatambua tofauti ya giza na mwanga. Utambuzi huo hujengeka polepole, hasa kati ya wiki ya 6 na wiki ya 12. Kwa hiyo, mtoto wa wiki 3 hatumlazimishi kulala hadi alfajiri. Tunamsaidia ili kile kipande kirefu cha usingizi wake kiangukie usiku badala ya mchana. Akilala saa 4 mfululizo katika mwezi wa pili, hayo ni mafanikio ya kweli, hata kama jirani anakueleza mengine.

Hatua ya kwanza hufanyika kliniki, si chumbani. Watoto wengi hupungua uzito kidogo katika siku za mwanzo, kisha huurudia uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki 2 hivi. Mpaka muuguzi aandike katika kijitabu cha mama na mtoto kwamba uzito huo umerudi, usimwache mtoto alale usiku kucha bila kunyonya. Mwamshe kila baada ya saa 3 hivi, mvue nguo ikibidi, mguse nyayo, umpe ziwa. Mtoto anayelala mno katika siku hizo, ambaye macho au ngozi yake imegeuka manjano, au ambaye ni vigumu kumwamsha anyonye, huyo hajabahatika kuwa mpole. Anahitaji kuonwa na daktari siku hiyo hiyo.

Hatua ya pili ni kuupa mchana sura ya mchana. Fungua madirisha na mapazia asubuhi, mtoe barazani au ukumbini penye mwanga, lakini kivulini, kwa kuwa jua la Mombasa halifai kwa ngozi yake. Zungumza naye kila anapoamka, na usiwanyamazishe watu wa nyumbani kwa sababu amelala. Honi za tuktuk na kelele za watoto wanaotoka chuoni hazitamdhuru, na ndizo zinazomjulisha kwamba huu ni mchana. Mnyonyeshe kila anapotaka, kwa kawaida mara 8 hadi 12 kwa siku, na akipitisha saa 3 mchana amelala tu, mwamshe kwa upole, kwani maziwa asiyoyanyonya mchana atayadai usiku. Wageni wa arobaini tunawapokea kwa furaha, lakini mtoto asipitishwe mkono hadi mkono hadi usiku mkubwa. Katika wiki za mwanzo huchoka baada ya kukaa macho kwa muda wa saa moja hivi, na dalili zake ni kupiga miayo, kukunja ngumi na kugeuza uso. Ukizingoja dalili hizo zigeuke kilio, kumlaza kutakuwa kazi kubwa zaidi.

Hatua ya tatu huanza jua linapotua, ambalo hapa kwetu hutua karibu saa 12 na nusu mwaka mzima, jambo ambalo ni msaada mkubwa kwa mzazi. Baada ya Magharibi, zima taa kubwa na uache taa moja hafifu, punguza sauti ya televisheni, kisha fanya mambo yale yale kwa mpangilio ule ule kila siku: mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, mkande polepole, mvishe, mnyonyeshe, mwimbie. Nyanya wa mtoto akiwepo, kazi ya kukanda mwachie yeye, maana mikono yake inaijua kuliko yangu. Usishangae iwapo mtoto atataka kunyonya mara kwa mara jioni hiyo. Wengi hufanya hivyo, na kilio cha jioni huzidi kuelekea wiki ya 6 kisha hupungua. Hicho pekee si ushahidi kwamba maziwa ya mama hayatoshi. Kiashiria bora ni nepi: kuanzia mwisho wa wiki ya kwanza, anayeshiba hulowesha nepi 6 au zaidi kwa siku.

Hapa ndipo watu hushauri apewe uji mwepesi au maji ya sukari ili ashibe alale. Anayeshauri hivyo anashauri kwa mapenzi, nasi tumjibu kwa adabu, lakini tusikubali. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi 6 ya kwanza. Uji haurefushi usingizi wa mtoto mchanga. Unachukua nafasi ya maziwa na unaweza kumletea kuhara. Dawa yoyote ya kumlaza mtoto, hata ile inayouzwa kama dawa ya tumbo, isitolewe bila kauli ya daktari.

Hatua ya nne ni mahali pa kulala, na naomba muitazame kwa makini kuliko nyingine zote. Mlaze mtoto chali, kila mara, usiku na mchana, juu ya godoro gumu lililotandikwa shuka iliyobana, katika kitanda chake mwenyewe kilicho karibu na chako. Ondoa mto, ondoa blanketi, ondoa pia ile mito miwili ambayo wengi huiweka ubavuni ili asianguke, kwa sababu uso wake ukizama humo hana nguvu ya kujigeuza. Wengi huogopa kwamba akicheua akiwa chali atapaliwa, lakini mtoto anapolala chali njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, na maziwa yanayopanda hurudi chini yenyewe. Madaktari wa watoto wa Marekani walipoanza kutoa ushauri huu mwaka 1992, vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua kwa takriban nusu katika miaka iliyofuata.

Chandarua chenye dawa kishuke hadi chini na kichomekwe pande zote bila kumgusa. Dawa ya mbu ya kuchoma, udi, ubani na sigara visifuke katika chumba chake. Feni iwashwe, ila ipulize hewa ya chumba, isimwelekee usoni. Wakati wa kaskazi, usiku wa Januari hadi Machi, fulana na nepi vinamtosha. Kujua kama anapata joto, usimguse mikono. Weka vidole viwili nyuma ya shingo yake, hivi, na ukikuta jasho mpunguzie nguo.

Hatua ya tano ni kumfunga leso, kwa wale ambao watoto wao hushtuka na kurusha mikono. Tazama mikono yangu. Ninakunja ncha moja ya leso, ninamlaza chali mabega yakiwa sawa na mkunjo, ninanyoosha mkono wa kulia ubavuni, ninavuta upande huu na kuuchomeka chini ya mgongo, kisha upande wa pili. Sehemu ya chini naiacha pana, ili magoti yajikunje na kutanuka kama ya chura, kwa sababu kubana miguu huumiza nyonga. Kiganja changu kinapita kati ya leso na kifua chake. Kisipopita, nimebana mno. Kukiwa na joto kali, au stima ikikatika na feni kusimama, leso iondolewe, na siku atakapoanza kujaribu kujigeuza tuiache kabisa.

Ukimlaza, tanguliza makalio, kisha mgongo, na kichwa kiwe cha mwisho, halafu uache kiganja kifuani mwake kwa muda. Usiku akijinyonganyonga, kuguna au hata kufumbua macho, ngoja kidogo kabla ya kumwinua, maana karibu nusu ya usingizi wa mtoto mchanga ni wa namna hiyo, na wengi huamshwa na wazazi wao wenyewe. Akiamka kweli, mnyonyeshe katika mwanga hafifu, usimchezeshe, usiwashe simu, mbadilishe nepi iwapo tu imechafuka, mwinue begani abeue, umrudishe. Ukihisi usingizi unakushinda wakati wa kunyonyesha, usikae kwenye kochi. Kitanda kisicho na mito ni salama zaidi kuliko kochi.

Akiwa na joto la nyuzi 38 au zaidi, akikataa kunyonya, akipumua kwa taabu au akilegea, acha hatua hizi zote umpeleke hospitali iliyo karibu, usiku huo huo.

Hatimaye nazungumza na akina baba. Kipande kirefu cha usingizi wa mtoto mara nyingi huwa kile cha mwanzo wa usiku, kwa hiyo mama alale mara tu mtoto anapolala, nawe uchukue vyombo, nguo na wageni. Alfajiri mtoto akishanyonya, mbebe wewe umtoe ukumbini, ili mama apate saa nyingine ya kulala.