Kile Ambacho Njia Haiwezi Kukiona: Hisabati Inayotafitiwa Leo

Mhadhara uliotolewa Kampala kwa wanafunzi, walimu na wananchi

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, nanyi wazee wetu mliokubali kuja kusikiliza hesabu jioni hii, shikamooni na karibuni.

Nimeombwa nieleze wanahisabati wanatafiti nini siku hizi. Somo letu huwa linagawanywa pande mbili, hisabati ya nadharia na hisabati tumizi, na mgawanyo huo una faida yake katika kupanga kozi. Lakini unaficha jambo ninalotaka mlione leo. Pande zote mbili, kazi nyingi nzito za miaka hii zimetoka kwa watu waliojiuliza swali moja: njia hii ninayoitumia, hata nikiitumia bila kosa lolote, ni kitu gani haiwezi kukiona?

Tuanze na malaria, maana hakuna nyumba Uganda isiyoijua. Ronald Ross alionyesha mwaka 1897 kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, na kufikia 1911 alikuwa ameshaandika milinganyo ya jinsi ugonjwa unavyosambaa. George Macdonald akaiendeleza miaka ya 1950. Kiini chake ni namba moja, R0, yaani mgonjwa mmoja akiingia mahali pasipo na malaria, atazaa wagonjwa wapya wangapi. Ikiandikwa, ni m × a² × b × c × e^(−gn), yote ikigawanywa kwa r × g. Herufi m ni idadi ya mbu kwa kila mtu. A ni mara ambazo mbu mmoja huuma watu kwa siku. B na c ni uwezekano wa kimelea kupita kutoka kwa mbu kwenda kwa mtu, na kutoka kwa mtu kwenda kwa mbu. G ni kiwango cha mbu kufa kwa siku. N ni siku ambazo kimelea kinahitaji kukomaa ndani ya mbu. Na r ni kiwango cha mtu kupona.

Sasa tazameni umbo lake. Ukiua nusu ya mabuu kwenye madimbwi, m inapungua nusu na R0 inapungua nusu, basi. Ukipunguza kuuma kwa nusu, R0 inashuka hadi robo, kwa sababu a imepigwa mraba: mbu lazima aume mara mbili, mara ya kwanza achukue kimelea, mara ya pili akiache. Ukifupisha maisha ya mbu ndipo mambo yanapobadilika. Chukua mbu anayeishi wastani wa siku 10, yaani g ni 0.1, na n iwe siku 10. Sehemu ya fomula inayohusu uhai wake, e^(−gn) ikigawanywa kwa g, inatoa 3.68. Mfupishie maisha yawe siku 5, inatoa 0.68. Umeikata zaidi ya mara tano. Chandarua chenye dawa kinafanya yote mawili kwa pamoja, kinazuia kuuma na kinaua. Kikipunguza kuuma kwa nusu na maisha kwa nusu, R0 inagawanywa kwa takriban 22. Hesabu hii inaeleza kwa nini dawa iliyo kwenye uzi wa chandarua ni muhimu kama uzi wenyewe, na kwa nini usugu wa mbu kwa dawa unatutia hofu.

Herufi n ndiyo imefungua uwanja mpya wa utafiti. Inategemea joto. Kwa kimelea cha falciparum, kile kinacholeta malaria kali, wataalamu wametumia kwa miaka mingi kanuni hii: n ni 111 ikigawanywa kwa joto ukitoa 16. Kwenye nyuzi 20 za Selsiasi inatoa siku 28 hivi. Kwenye nyuzi 18, siku 55 na nusu. Kwa g ya 0.1, kati ya mbu 1,000 walioambukizwa, 4 tu ndio wanaofikisha siku hizo kwenye nyuzi 18. Kwenye nyuzi 20 wanafika 62. Nyuzi mbili tu, na mbu wa hatari wameongezeka mara 16. Ndiyo maana nyanda za juu kama Kabale, zilizoko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, zinafuatiliwa kwa makini sana.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na kosa lenyewe ni la kihisabati. Wanachukua wastani wa joto la siku na kuuingiza kwenye kanuni. Fikirieni mahali ambapo nusu ya siku ni nyuzi 12 na nusu nyingine ni nyuzi 20. Wastani ni 16, na kanuni inasema kimelea hakikui kabisa, malaria haiwezekani. Lakini kimelea hakiishi ndani ya wastani. Saa za baridi kinasimama, saa za joto kinakua kwa kasi ya 4/111 kwa siku, kwa hiyo kasi yake halisi ni 2/111, na kinakomaa baada ya siku 55 na nusu. Thamani ya wastani si sawa na wastani wa thamani pale mchoro unapopinda, na Johan Jensen alilithibitisha jambo hilo mwaka 1906 bila kuwaza mbu hata kidogo. Kinachotakiwa ni joto la kila saa, tena la ndani ya nyumba ambamo mbu hupumzika, maana kituo cha hali ya hewa kilichoko uwanjani hupima kitu kingine.

Nisogee kwenye jambo linalonigusa zaidi, kwa sababu linahusu tasnifu zinazoandikwa katika ukanda wetu. Mtindo umekuwa hivi: mwanafunzi anachukua modeli ya Kermack na McKendrick ya 1927, yenye visanduku vitatu vya walio hatarini, wagonjwa na waliopona. Anaongeza kisanduku cha waliotengwa, kingine cha waliochanjwa, kingine cha wasio na dalili. Anakokotoa R0, anathibitisha uthabiti, yaani kwamba mfumo hutulia, kwa fankshoni ya Lyapunov, kisha anachora michoro kwa parameta, yaani namba za modeli kama β na γ tutakazoziona, alizozitoa kwenye makala ya nchi nyingine. Uthibitisho unaweza kuwa sahihi kila mstari, na kazi isimwambie daktari wa wilaya chochote.

Tuone kwa namba. Mwanzoni mwa mlipuko, wagonjwa huongezeka kwa kasi ya β kutoa γ, ambapo β ni kasi ya kuambukiza na γ ni kasi ya kupona. Tuseme data inaonyesha kasi ya 0.2 kwa siku, yaani wagonjwa wanakuwa maradufu kila siku tatu na nusu. Inaweza kuwa β ni 0.3 na γ ni 0.1, hivyo R0 ni 3. Inaweza kuwa 0.4 na 0.2, R0 ni 2. Inaweza kuwa 0.7 na 0.5, R0 ni 1.4. Mchoro wa wagonjwa ni uleule mmoja. Lakini ili kuzuia mlipuko kwa chanjo kamili, R0 ya 3 inataka uchanje asilimia 67 ya watu, ya 2 asilimia 50, ya 1.4 asilimia 29. Data hiyo haiwezi kuwatenganisha, hata kompyuta iwe na nguvu kiasi gani. Na kama hospitali zinaandikisha sehemu tu ya wagonjwa, sehemu hiyo nayo imejificha ndani ya mchoro huohuo.

Tawi linaloshughulikia tatizo hili linakua haraka, na kwa vitendo mwanafunzi afanye hivi. Kwanza aandike ni kitu gani hasa kinapimwa: wagonjwa wapya kwa wiki, vifo, au damu iliyopimwa. Kisha aondoe kwenye milinganyo visanduku vyote visivyopimwa hadi abaki na mlinganyo wa vile vinavyopimwa peke yake. Michanganyiko ya parameta itakayobaki pale ndiyo pekee inayoweza kujulikana. Kazi ya kuondoa ni aljebra tupu; misingi yake iliwekwa na Joseph Ritt miaka ya 1930, na mbinu za Bruno Buchberger za 1965 ni miongoni mwa zilizoiwezesha kompyuta kuifanya. Baada ya hapo atengeneze data ya bandia kwa parameta anazozijua, aongeze makosa ya upimaji, kisha ajaribu kuzirudisha akianzia sehemu mbalimbali. Mwisho aishike parameta moja, abadilishe thamani yake kidogo kidogo, na kila mara azilinganishe upya nyingine zote na data. Mchoro wa makosa ukiwa bapa, parameta ile haijulikani, na hakuna aibu kulisema hilo katika tasnifu. Dawa ni kuleta habari kutoka nje: madaktari wanaojua mgonjwa huambukiza kwa siku ngapi wanatupa γ, na hapo R0 tatu zinabaki moja.

Kwenye mashine zinazojifunza hali ni hiyohiyo, nami nitaipitia upesi. Maabara ya akili bandia ya Makerere, pamoja na watafiti wa mazao wa Namulonge, walitoa picha zaidi ya 21,000 za majani ya muhogo kutoka mashamba ya Uganda, katika makundi matano: magonjwa manne na majani yenye afya. Takriban asilimia 61 ni za ugonjwa wa batobato. Programu inayojibu "batobato" kila mara bila kutazama picha inapata asilimia 61. Ukipima kila kundi peke yake kisha ukachukua wastani, inapata 20. Ninawasihi vijana: matokeo ya kundi moja moja yachapishwe kwanza, na picha za shamba moja zisigawanywe kati ya mafunzo na mtihani, la sivyo programu itakariri udongo na mwanga wa shamba lile ikidhani inajifunza ugonjwa.

Sasa upande wa nadharia. Namba tasa pacha ni jozi zinazopishana kwa 2, kama 11 na 13, au 101 na 103. Je, haziishi, yaani hazina mwisho? Hakuna aliyethibitisha. Mwaka 2013 Yitang Zhang, aliyekuwa mhadhiri New Hampshire, alithibitisha kwamba jozi za namba tasa zinazopishana kwa chini ya 70,000,000 haziishi. Kabla yake hapakuwa na kikomo chochote. Kundi la watu wengi wakishirikiana kwenye intaneti, Terence Tao akiwa miongoni mwao, walikishusha hadi 4,680. James Maynard akaja na njia nyingine na kukifikisha 600, na mwaka 2014 kikafika 246. Kimesimama hapo hadi leo. Ukikubali dhana moja kali ambayo bado haijathibitishwa, unafika 6.

Kwa nini 6 na si 2? Chekecheke, njia ya kuondoa vigawe vya 2, vya 3, vya 5 na kuendelea, haijui kutofautisha kilichobaki chenye kigawo tasa kimoja na chenye viwili. Atle Selberg alilionyesha jambo hili miaka ya 1940, nalo huitwa kizuizi cha shufwa na witiri. Chen Jingrun alithibitisha mwaka 1973 kwamba kuna namba tasa zisizo na mwisho ambazo ukiongeza 2 unapata namba tasa au zao la namba tasa mbili. Angalieni aliposimama: palepale kizuizi kilipo. Na kizuizi hiki ni ndugu wa tatizo la β na γ. Habari iliyomo kwenye chekecheke haitoshi kutenganisha hali mbili, basi ongezeko la juhudi peke yake halisaidii. John Friedlander na Henryk Iwaniec walikivuka mwaka 1998 kwa kuleta habari ya aina nyingine, wakathibitisha kwamba namba tasa za umbo x² + y⁴ haziishi. Mwaka 2024 Larry Guth na Maynard walisogeza kikomo cha Albert Ingham kilichodumu tangu 1940 kuhusu kitendaji cha Riemann, yaani fankshoni inayohusiana na mpangilio wa namba tasa, kwa zana za uchanganuzi wa mawimbi na matriki.

Nimalizie na uwanja ambao mwanafunzi wa Gulu, Mbarara au Busitema anaweza kuuingia akiwa na kompyuta ya kawaida. Ni uthibitisho unaokaguliwa na mashine. Peter Scholze aliomba mwaka 2020 uthibitisho wake mgumu ukaguliwe kwa programu ya Lean, na kufikia Julai 2022 kazi ikakamilika. Novemba 2023 Timothy Gowers, Ben Green, Freddie Manners na Tao walithibitisha dhana ya Freiman na Ruzsa katika umbo lake la polinomia, na ukaguzi wake ndani ya Lean ulichukua wiki tatu hivi, watu wengi wakigawana vipande. Programu ni ya bure, na anayeanza hupewa kipande kidogo akithibitishe.

Lakini hata hapa kuna kisichoonekana. Lean inakagua kwamba hatua zinafuatana. Haijui kama sentensi uliyoandika ndiyo uliyokusudia. Ndani yake, kwa namba asilia, 2 kutoa 3 ni 0, na chochote ukigawa kwa 0 ni 0, kwa sababu kila operesheni lazima itoe jibu. Ukisahau hilo, utathibitisha sentensi isiyo na maana na mashine itaikubali bila malalamiko. Kwa hiyo kila fasili mpya ijaribiwe kwa mifano midogo unayoijua jibu lake kwa mkono: 0, 1, seti tupu, na mfano mmoja unaopaswa kukataliwa. Ule wa kukataliwa ndio wengi wanausahau.