Sumu Inayopanda: Kutoka Tope la Ghuba ya Winam Hadi kwa Mbuta

Wazee wa ufuo, akina mama wachuuzi, vijana wa vyuo, hamjambo. Asanteni kwa kuja siku ya soko kama hii.

Kila nikisema kazi yangu ni kupima samaki, naulizwa: maji ya mto Kisat yanaingia Ziwa Victoria, hapa Kisumu, meusi vile, omena, yaani dagaa, bado ni ya kuliwa? Tunaogopa tunachokiona. Maji ya choo ni hatari, ndiyo yanayotuletea kipindupindu, lakini samaki akiiva vizuri vijidudu vyake vimekufa. Ninachokijia leo hakina rangi wala harufu, na ukikichemsha hadi jioni hakitoki.

Chukueni zebaki. Kule Migori, na Kakamega pia, wachimbaji wadogo huitumia kunasa chembe za dhahabu, kisha huichoma. Nyingine hupaa na moshi na kurudi na mvua, nyingine husombwa na mito. Ikitua kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa methilizebaki, na hapo ndipo balaa huanza, kwa maana mwili huipokea upesi na kuitoa polepole mno. Mwani huinyonya majini, vidudu vya planktoni hula mwani, omena hula vidudu. Mbuta, yaani sangara, akiwa mchanga hula ochong'a, wale kamba wadogo wa ziwani; akikua hula samaki wadogo kama omena na fulu, hata watoto wake mwenyewe. (Huyu tulimleta sisi binadamu, miaka ya 1950, tena bila kumwuliza mvuvi yeyote.)

Sasa tupige hesabu. Ili samaki aongeze kilo moja ya mwili, hula takriban kilo kumi. Chakula kingi huishia kwenye kuogelea na kupumua, ila sumu haitumiki kwa kazi yoyote, kwa hiyo hubaki. Anayemla naye hurithi yote. Kule Clear Lake, California, mwaka 1949, 1954 na 1957 walitia ziwani DDD, dawa ya wadudu iliyo ndugu yake DDT, ili kuua visubi. Walipima kwa uangalifu kabisa: hata mara ya mwisho, sehemu 0.02 tu katika milioni ya maji. Ndege wanaokula samaki wakafa, na mafuta ya miili yao yakakutwa na sehemu 1,600 katika milioni. Ni mara 80,000! Aliyepima maji peke yake asingeona cha kumtisha, ndiyo sababu mimi sitosheki na chupa ya maji, nipeni samaki.

Lakini si kila kichafuzi hupanda. Madini ya risasi, kwa mfano, hayaongezeki ngazi kwa ngazi. Hukaa na viumbe walio karibu na tope, na ndani ya samaki hupenda mifupa na matamvua. Hili linawahusu akina mama wa mtaa wa Obunga wanaokaanga mgongo wazi. Minofu ya mbuta imekwenda ng'ambo, kwetu kimebaki kichwa na mifupa. Methilizebaki hushikamana na protini ya nyama, kwa hiyo sehemu kubwa yake imesafiri na minofu! DDT na jamii yake hukaa kwenye mafuta, na kichwa cha mbuta ni mafuta tele. Ukikaanga, sehemu ya sumu hiyo huchuruzika pamoja na mafuta. Basi mafuta yale yaliyotoka kwenye samaki mwenyewe yasirudiwerudiwe kukaangia, hata kama ni bure. Najua faida ni ndogo, lakini nalisema hivyo hivyo.

Sikuja kuwaharibia soko. Vipimo vya zebaki katika mbuta wa ghuba yetu kwa jumla viko chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango kinachotumika sana kimataifa. Wanaokikaribia ni wale wakubwa, wazee. Kilichotuumiza mwaka 1999, Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wa ziwa hili, ni habari za watu kuvua kwa dawa za wadudu. Wachache wakamwaga sumu, na aliyetumia nyavu halali akakosa mnunuzi pamoja nao.

Kuna swali limeletwa kwa karatasi. Mama anasema binti yake ni mjamzito, ale samaki gani? Swali zuri, kwa sababu methilizebaki huvuka kondo la nyuma. Minamata, Japani, ugonjwa ulipotambuliwa mwaka 1956, walikuwapo kina mama wasioumwa sana waliozaa watoto walioathirika vibaya ubongo. Pale kiwanda kilimwaga zebaki baharini kwa miaka. Hapa hatuko huko. Mama, asiache samaki, mtoto anawahitaji. Omena haishi muda mrefu, haipati nafasi ya kulimbikiza. Ngege, yaani tilapia, yuko chini kwenye mnyororo wa chakula. Hao ale. Mbuta wa kilo moja au mbili si neno, mara mojamoja. Yule anayebebwa na watu wawili, huyo hapana, hadi amalize kunyonyesha.

Bwana wa kofia pale nyuma, uliza.