Watoto 90, koo moja

REHEMA: Karibuni. Leo tunamzungumzia mwalimu wa shule ya msingi anayeingia darasani Jumatatu na sauti nzima, ikifika Alhamisi anakwaruza, Jumapili imerudi, halafu Jumatatu anaanza upya. Kaka Salum, koo lenyewe linafanywa nini?

SALUM: Ndani ya zoloto, ile sehemu ya koo inayotoa sauti, kuna nyuzi mbili za sauti. Hewa ikipanda kutoka mapafuni, zinagongana na kuachana: kwa mwanamke kama mara 200 kwa sekunde, kwa mwanamume kama 120. Sasa chukua kipindi cha dakika 40. Tuseme sauti inatoka theluthi moja tu ya muda huo, maana kuna kuvuta pumzi, kuna kuandika ubaoni. Hizo ni sekunde 800. Zidisha kwa 200.

REHEMA: Laki moja na sitini elfu. Kwa kipindi kimoja!

SALUM: Na anayepaza sauti anazigonganisha kwa nguvu zaidi. Pale katikati ya sehemu inayotetemeka, panapopigwa sana, ndipo vinapoota vinundu. Fikiria sugu kwenye kiganja cha mtu wa jembe, ila huku vinaota pande zote mbili, vikitazamana. Vikishaota, nyuzi hazifungi sawasawa, hewa inavuja, sauti inakuwa na pumzi nyingi. Mwalimu akiona hasikiki anasukuma zaidi, na vinundu vinazidi.

REHEMA: Ndiyo maana nasikitika dawa ya kwanza inapokuwa tangawizi na pipi za menthol. Unachomeza hakipiti kwenye nyuzi za sauti. Kingepita hapo, ungepaliwa. Asali inatuliza koo la juu, sawa, lakini menthol inakupa ubaridi unaoficha maumivu, nawe unaendelea kupaza sauti ukidhani umepona.

SALUM: Na maji?

REHEMA: Maji yanasaidia kwa kupitia mwilini, kwa hiyo yanataka muda. Chupa nzima uliyoigugumia mlangoni mwa darasa haitakuokoa kipindi hicho. Anza asubuhi nyumbani, kisha mafunda machache kila baada ya kipindi. Najua walimu wengi hujizuia kunywa kwa sababu choo kiko mbali au hakifai. Hilo ni jambo la kupeleka kwenye kikao cha shule, kwa sababu ni afya ya kazi. Kinachozifikia nyuzi moja kwa moja ni mvuke: jifukize maji ya moto matupu, dakika 5 hadi 10 jioni, bila dawa ya kuchua wala majani makali. Weka beseni mezani, mbali na watoto.

SALUM: Tuje kwenye kelele, maana kwangu hapo ndipo penye kiini. Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kukusudia. Haitoshi kumwambia mwalimu "ongea polepole" wakati watoto 90 wananong'ona. Lazima kelele ishuke kwanza.

REHEMA: Kwa ishara isiyotumia koo. Mwalimu anapiga makofi kwa mpangilio fulani, darasa linajibu kwa mpangilio uleule, kisha anasubiri kimya kamili kabla ya neno la kwanza. Akianza kusema juu ya minong'ono, watoto wanajifunza kwamba si lazima wanyamaze. Na mvua ikipiga bati, asishindane nayo. Aandike zoezi ubaoni, apite akisahihisha.

SALUM: Pia umbali. Mahali pasipo mwangwi, ukipunguza umbali kwa nusu, sauti inamfikia msikilizaji ikiwa na desibeli 6 zaidi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), bila kuongeza nguvu yoyote. Simama katikati ya madawati, usibaki ubaoni. Na usiongee ukiwa umeelekea ubao: sauti inapotea, na vumbi la chaki unalivuta wewe. Futa ubao kwa kitambaa chenye unyevu.

REHEMA: Kuna kile kipaza sauti kidogo cha kuvaa kiunoni, chenye maiki ya kichwani.

SALUM: Kama shule ina uwezo wa kununua kitu kimoja, inunue hicho. Mwaka 2002 Nelson Roy na wenzake, huko Marekani, walilinganisha walimu wenye matatizo ya sauti. Waliotumia kipaza sauti walipata nafuu ya wazi kuliko waliopewa tu mafundisho ya kutunza koo. Maiki iwe pembeni ya mdomo, si mbele yake, vidole viwili hivi kutoka midomoni. Kikianza kupiga mluzi, punguza sauti ya spika au geuka, spika isielekee maiki. Halafu ongea kwa sauti ya mezani. Wapo wanaokivaa na bado wanapiga kelele!

REHEMA: Kuna pia zoezi la sauti la kupuliza kwa mrija, tulieleze vizuri. Glasi ya maji, mrija wa kawaida, ncha yake izame sentimita 2 au 3. Funga midomo kuuzunguka, hewa isitoke puani, toa "uuu" laini mpaka maji yatoe viputo. Panda taratibu kutoka sauti nzito hadi nyembamba, ushuke. Dakika 3 kabla ya kipindi cha kwanza, dakika 3 baada ya cha mwisho.

SALUM: Mgandamizo unaorudi kupitia mrija unazitenganisha nyuzi kidogo, zinatetemeka bila kupigana. Mashavu yakivimba, sawa. Koo likiuma, umezamisha mrija mno au unasukuma.

REHEMA: Na kujikohoza kila dakika?

SALUM: Kunazigonga nyuzi kwa nguvu. Meza mate, au piga funda la maji. Kunong'ona kwa kulazimisha nako hakupumzishi, watu wengi hukaza koo wakinong'ona. Kama sauti imechoka, nyamaza.

REHEMA: Sauti ikikatika ghafla katikati ya kupaza, huenda mshipa mdogo wa damu umepasuka kwenye uzi. Hapo ni kunyamaza kabisa na kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Usijiamulie kunywa aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, maana zinaweza kuongeza kuvuja damu. Kama umeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo, usiiache bila kumuuliza daktari.

SALUM: Na mkwaruzo uliopita wiki 3, hata bila maumivu?

REHEMA: Daktari wa masikio, pua na koo. Ukivuta sigara, ukikohoa damu, ukimeza kwa shida au ukiona uvimbe shingoni, usingoje hizo wiki 3. Ataingiza kamera nyembamba puani, ni dakika chache. Omba aziangalie nyuzi zenyewe, usikubali kuondoka na antibiotiki tu kabla hazijaonekana.